Mkwe Niliyemkuta Mfukoni

Mimi ni dobi, na dobi anajua mambo ya watu kuliko anavyopenda. Niletee shati lako nitakuambia kama unaandika kwa mkono wa kushoto, kama unakula kwa haraka, na kama nyumbani kwako kuna mtu wa kukuambia kola imechakaa. Lakini sikuambii. Nafua, napiga pasi, nakunja, nakukabidhi. Wifi yangu, ambaye hukaa mezani pale mbele kupokea nguo, huwashauri wateja watoe kila kitu mifukoni, na siri zao pia, maana zikishafika nyuma kwangu si siri tena.

Naanza na hayo ili mtu asije akadhani kwamba nilichofanya nilikifanya kwa upumbavu. Nilikifanya kwa utaalamu.

Binti yangu ni kitindamimba, na tangu utotoni tunamwita Kitinda. Kaka zake walioa wakaenda zao, nikalia kidogo, nikanyamaza. Huyu wa mwisho nilikuwa nimeshampangia maisha. Akimaliza shule atakaa nami dukani, atajifunza kuloweka, kutia wanga na kupiga pasi mpaka mkono ujue wenyewe. Kisha uzee ukinifika, mimi nitahamia mbele kwa wifi, tukae tukipokea nguo na kuwasema watu, na yeye atabaki nyuma na mabeseni. Ulikuwa mpango mzuri wenye kasoro moja tu, kwamba mwenyewe hakuulizwa.

Akamaliza shule. Siku moja tukiwa mezani tunakula, akasema amepata kazi ya kupaka rangi majumba, na kwamba amepata chumba, anahama. Alisema hivyo kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Baba yake ni mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukaa kando ya watu wanaotaka kumuua bila yeye kupandisha sauti. Akauliza chumba chenyewe kiko wapi. Mimi nikauliza mtoto huyu amelishwa nini.

Ugomvi ule sitausimulia wote. Nilisema ngazi si mahali pa binti. Nilisema rangi itamwingia kifuani. Akanijibu kwamba mimi sabuni imeshaniingia kichwani. Baba yake akatusihi tupunguze mwendo, sote wawili, akasema tukifika kwenye kona kwa kasi hiyo hakuna atakayepita. Hakuna aliyepunguza. Mwishowe nikatoa neno ambalo kinywani mwa dobi ni zito kuliko laana.

"Ukitoka humu, nguo zako utafua mwenyewe."

Nilidhani atasita. Wala.

"Sawa, Mama," akasema. "Na chumba changu utakiona siku nitakayokualika."

Akaondoka na begi moja, mgongo umenyooka. Kwa hasira zangu sikumtazama akienda, nikajifanya nafuta meza. Nilifuta ile meza mpaka baba yake akaniondolea kitambaa mkononi.

Tangu hapo akawa anakuja Jumapili mchana. Anakula, anataniana na baba yake, ananisaidia vyombo, anaaga. Ukimuuliza kazi, nzuri. Majirani? Wazuri. Chumba je? Kizuri. Alikuwa na adabu kama karani wa benki, na adabu ile ndiyo iliyonimaliza. Mtoto akikujibu jeuri, angalau unajua bado mnagombana. Huyu alinishukuru kwa chakula. Katika nyumba yangu mwenyewe, mtoto niliyemzaa, ananiambia asante kwa chakula.

Kibaya zaidi, wenzangu walishaalikwa. Baba yake alikwenda wiki ile ile ya kwanza. Wifi yangu, ambaye kwa Kitinda ni shangazi na anajiona ndiye aliyemzaa, naye akaalikwa, akaenda amejipaka mafuta mazuri. Aliporudi nikamuuliza chumba kikoje. Akasema kina rangi. Nikamuuliza rangi gani. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema nitakiona mwenyewe nikialikwa. Nilimnunia mpaka kesho yake.

Basi nilitaka kitu kimoja tu duniani, nialikwe. Nilitaka nione mwanangu analaza wapi kichwa, dirisha linafungwa au halifungwi, maji anayapata wapi. Kila Jumapili alipoaga nilisimama mlangoni nikiuangalia mdomo wake, labda leo neno litatoka. Likawa halitoki.

Halafu ukaja ule mfuko.

Baba Kitinda aliuleta dukani mwenyewe. Alikuwa na mwanafunzi barabarani, ameliacha gari nje linanguruma, na yule mwanafunzi ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari limesimama. Akaweka mfuko mezani, mfuko mkubwa wa nailoni umejaa mpaka shingoni.

"Nimempitia Kitinda kazini kwake," akasema. "Amesema nikupe wewe. Amesema utajua."

Akarudi kwa mwanafunzi wake. Wifi akautazama mfuko, akanitazama mimi.

"Kasalimu amri," akasema.

Sioni aibu kusema kwamba nilitokwa na machozi. Mtoto kachoka kufua. Mtoto kakumbuka mama. Nikaubeba mfuko ule kwa mikono miwili nikaupeleka nyuma, nikachagua na uzi kabisa. Maana dukani kwangu tuna desturi moja ambayo hatuivunji: mfuko mmoja, mwenyewe mmoja. Kila mwenye mfuko ana rangi yake ya uzi, na kila nguo inayotoka katika mfuko ule tunaitia mshono mdogo wa rangi hiyo upande wa ndani, kabla haijagusa maji. Ndiyo maana hakuna mteja wangu aliyewahi kwenda harusini na suruali ya mwenzake. Kitinda nilimchagulia uzi wa njano, kwa kuwa alipokuwa mdogo alikuwa hakubali kuvaa rangi nyingine.

Nikafungua mfuko. Nguo ya kwanza kutoka ilikuwa shati la kiume.

Nikasema labda ni la kazini, wasichana wa siku hizi huvaa mashati makubwa. Nikatoa la pili, nalo la kiume. Ikafuata suruali ambayo Kitinda angeweza kuingia na rafiki yake. Ikafuata soksi yenye tundu kwenye kisigino, na kisigino kile hakikuwa cha mwanangu, mimi kisigino cha mwanangu nakijua. Mpaka chini kabisa hamkuwa na hata uzi wa nguo ya kike.

"Wifi," nikaita. "Njoo umwone mkwe wetu."

Wifi akaja, akasimama na mkono mdomoni. Mimi nikaanza kazi. Nilizitandaza nguo zote mezani nikamsoma yule bwana kutoka kola hadi pindo. Shati hili mkono wa kushoto umechakaa kuliko wa kulia, kwa hiyo ni mtu wa mkono wa kushoto. Lile jingine ni wa kulia ndio uliochakaa, kwa hiyo kumbe anatumia yote miwili, mtu asiyeeleweka tangu hapo. Suruali moja kiuno kipana, nyingine kiuno chembamba kama cha kijana wa shule.

"Amekonda," nikasema. "Hivi karibuni tu. Ana mawazo."

"Au anaumwa," akasema wifi.

"Au anakunywa." Nikageuza shati. "Kitufe hiki kimekatika siku nyingi na hakuna aliyekishona. Hana mama. Au ana mama na wamegombana. Na huu mchuzi hapa kifuani, mtu mzima hamwagi mchuzi hivi. Anakula amelala."

Nikaendelea hivyo mpaka mkwe wangu akakamilika. Alikuwa mrefu kwa shati moja na mfupi kwa jingine, mnene asubuhi na mwembamba jioni, mlafi, mgonjwa, mvivu wa kushona, na anaishi katika chumba ambacho mimi mama mtu sijakiona. Nilikuwa na nguo za kutosha mbele yangu kuniambia kwamba mtu wa namna hiyo hayuko duniani. Lakini nilikuwa nimeshamwona, amekaa kwenye kitanda cha mwanangu akisubiri kupakuliwa. Na sasa mwanangu ananiletea mimi nimfulie.

Wifi akanishauri nimpigie simu Kitinda kwanza. Nikamwambia mambo ya simu ni ya watu wasio na miguu.

Baba Kitinda alipopita tena, amemshusha mwanafunzi wake, nilikuwa nje nimebeba mfuko. Nikamwamuru anipeleke huko kazini kwa mwanawe. Akauliza kuna nini, nikamwambia aendeshe. Sasa, gari lake ni gari la kufundishia. Lina kibao juu cha kuwatahadharisha wenzake barabarani, na lina breki mbili, moja ya dereva na moja ya mwalimu, upande wa abiria. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa mwalimu. Njia nzima nilimweleza habari za mkwe, na kila nilipofika pabaya mguu wangu ulikanyaga, na gari likasimama katikati ya barabara. Watu wakatupigia honi. Wengine walipokiona kile kibao wakatuonea huruma, wakadhani mzee wa watu ndio anajifunza.

"Mama Kitinda," akasema kwa upole wake, "ondoa mguu hapo, au ondoa mkwe."

Nikakanyaga tena.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa, mpya, nusu imepakwa rangi ya maziwa na nusu bado saruji. Kitinda alikuwa juu ya ngazi, amevaa ovaroli, kichwa amekifunga kitambaa, anapitisha brashi pembeni mwa fremu ya dirisha. Nilimwona kabla hajaniona. Brashi ilikuwa inakwenda taratibu na haikugusa kioo hata kidogo, na kwa muda mfupi sana nilisahau nilichojia. Kisha nikakumbuka, nikaingia uani na mfuko wangu.

Walikuwepo wanaume wanne, wanachanganya rangi kwenye ndoo. Sikusalimu. Nilichomoa shati la kwanza nikaliinua juu.

"Nani mwenye shati hili?"

Wakatazamana. Kijana mmoja mwembamba akainua mkono, tena mkono wa kushoto, wenye brashi.

Nikasema vizuri, tumempata. Nikachomoa suruali ili nimmalize.

"Na hii suruali?"

"Hiyo yangu," akasema mwingine, siyo yule.

Nikachomoa ile yenye kiuno kipana. Nayo ikapata mwenyewe, mtu mzima mwenye tumbo la kuheshimika, ambaye baadaye nilijua ndiye fundi mkuu wao.

"Hiyo ni yangu mimi, mama," akasema. "Ila nakuomba usiiinue juu sana, majirani wanatazama."

Mwenye soksi hakusubiri kuulizwa. Akaja akaichukua mwenyewe, ameinamisha kichwa.

Basi nikiwa pale katikati ya uwanja, mkwe wangu akagawanyika vipande vinne mbele ya macho yangu, na kila kipande kikanisalimia shikamoo au habari kulingana na umri. Fundi mkuu akafuta mkono kwenye ovaroli, akanipa.

"Kumbe ndiye wewe mama dobi," akasema. "Tunakusikia kila siku. Huyu binti yako anatuambia sisi hatujawahi kuvaa nguo safi tangu tuzaliwe, na hatutajua usafi ni nini mpaka nguo zetu zipite mikononi mwako. Kila siku, mama. Wiki hii tukasema basi, tumechoka, chukua upeleke. Akazikusanya mwenyewe."

Nilitamani saruji ile inimeze. Kitinda alikuwa ameshuka ngazi polepole, akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa na alama ya rangi kwenye nyusi. Sikumwona amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nilimwambia Baba utajua," akasema.

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani, umekitangaza hapa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, mtu mwingine yeyote ningemwandikia, ningemweleza. Wewe nilijua ukizishika tu utajua ni za watu wanne. Wewe hukosei nguo."

Nikaanza kuzirudisha nguo mfukoni moja moja, na ile soksi mwenyewe akairudisha. Kitinda akasema ana kazi, akapanda ngazi yake. Fundi mkuu akanisindikiza hadi garini akinisemesha habari za hali ya hewa, Mungu ambariki.

Tuliporudi baba Kitinda aliendesha kimya na mimi miguu nimeikunja mbali na ile breki. Nikamwambia aseme tu anachotaka kusema. Akasema hana la kusema. Nikamwambia najua analo. Akafikiri kwanza, kama anavyofikiri kabla ya kumwambia mwanafunzi amefeli.

"Alikuwa anarudi," akasema. "Polepole, kwa njia yake. Wewe ukamkatia mbele."

Nililia, si kidogo. Nililia kwa sababu ilikuwa kweli. Nguo zake nilimkatalia, basi akatafuta nguo nyingine zisizo zake ili apate sababu ya kunitumia mfuko. Na ule mwaliko nilioungoja Jumapili hadi Jumapili, pengine ulikuwa unafuata nyuma ya mfuko ule, na mimi nimeufukuza.

Nguo zile nilizifua mwenyewe, sikumruhusu mtu mwingine kuzigusa. Nikavunja desturi yangu: mfuko mmoja, nyuzi nne za rangi mbalimbali. Safari hii niliangalia nguo. Shati la mkono wa kulia nikaliweka na suruali nyembamba, maana jasho lake ni moja na mkunjo wake ni mmoja. Mwenye mchuzi alikuwa fundi mkuu, tumbo linatangulia mezani, hakuna ulafi wowote hapo. Nikashona vitufe, nikatia viraka soksi. Rangi iliyokauka niliilainisha, nikaikwangua kwa ukucha kidogo kidogo mpaka kitambaa kikasahau kwamba kiliwahi kupakwa. Wifi alikuja akachungulia, akarudi zake mbele bila mzaha, na wifi yangu kuacha mzaha si jambo dogo.

Zilipokuwa tayari tukazipeleka, mimi na baba Kitinda. Kufika, lango liko wazi. Nikasimama nje yake na vifurushi vyangu vinne.

"Ingia," akasema mume wangu.

"Siingii. Nenda ukamuulize kama naweza kuingia."

Alinitazama kama mtu aliyeona gari linajiegesha lenyewe. Akaenda. Nilisikia ndoo zinaburutwa, nikasikia mtu anacheka ndani. Nilisubiri. Nilitamani kuchungulia, nikajizuia kwa kusoma tangazo lililobandikwa ukutani, tangazo la kukataza kubandika matangazo.

Kitinda akatoka. Akaviona vifurushi, akaniona mimi.

"Kwa nini hukuingia?"

"Sijaalikwa."

Akanichunguza usoni kuona kama ni kijembe. Hakikuwa kijembe, na nadhani aliona.

"Nisamehe mwanangu," nikasema. "Siku ile sikuwa naangalia nguo. Nilikuwa nakuangalia wewe, na nilikuwa naogopa."

Alichukua kifurushi cha juu, akakifungua pembeni, akapitisha kidole kwenye kola.

"Hiki cha nani?"

"Cha yule mwembamba wa mkono wa kushoto. Hapo chini ni cha fundi mkuu. Mwambie namwomba radhi, na mwambie apunguze mchuzi."

Midomo yake ikatikisika. Alijaribu kuikaza, ikamshinda, akacheka, nami nikacheka, hadi baba yake akatoa kichwa langoni kuhakikisha hatulii. Kisha akavikumbatia vile vifurushi vyote, na akasema kwa haraka, kama mtu anayetaka kulimaliza jambo kabla hajabadili mawazo:

"Jumapili usipike. Njoo kwangu. Njoo peke yako, na usibebe kitu."

"Hata sabuni?"

"Hasa sabuni, Mama."

Kwenda mikono mitupu ni kazi ngumu kuliko kufua mablanketi. Jumapili ile wifi alinikagua mlangoni. Akaninyang'anya mapazia niliyokuwa nimeyakunja kwapani, shuka jipya, na kipande cha sabuni ya mche nilichokificha kwenye mkoba. Aliniacha na mkoba wenye leso, basi. Nilitembea barabarani nikijiona kama nimesahau kuvaa.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la baiskeli, kina mlango wa bluu. Nikabisha. Nikasema hodi kama mtu wa mbali, na mwanangu akanifungulia akasema karibu, Mama.

Nikaelewa mara moja kwa nini wifi alikosa la kusema. Kila ukuta ulikuwa na rangi yake. Kitinda alikuwa amekusanya rangi zilizobaki chini ya ndoo kila walipomaliza nyumba, akapaka kwake: ukuta mmoja rangi ya maziwa, mmoja kijani cha shule, mmoja chungwa, na ule wa kitandani zambarau iliyokolea, ya kliniki ya meno, alivyoniambia. Alinionyesha moja moja akiniambia hii ni ya nyumba ipi. Ilikuwa kelele tupu. Lakini kingo zake! Rangi na rangi zilipokutana pale pembeni, mstari ulikuwa umenyooka kama pindo la shuka nililopiga pasi mwenyewe. Nikamwambia hivyo. Akajifanya anatafuta kijiko.

Kulikuwa na godoro, kiti kimoja, jiko dogo, na kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari, na kwenye kamba shati lake jeupe. Kola haikutakata. Nililiona tangu mlangoni. Mikono ilinisisimka mpaka nikaifungia baina ya magoti. Dirisha, kwa taarifa yenu, linafungwa.

Akanikalisha kwenye kile kiti, yeye akakaa kwenye godoro. Akanimiminia chai. Wali wake ulikuwa umeshikana kidogo na maharage yana chumvi ya kutosha watu kumi, nikala nikamaliza, nikaongeza. Alinisimulia habari za kazi, jinsi ya kushuka ngazi na ndoo bila kumwaga, jinsi fundi mkuu anavyoogopa urefu na hataki ijulikane. Alikuwa anasimulia kwa mikono, kama zamani. Nikanyamaza nikasikiliza, na kumbe kunyamaza si kugumu sana ukiwa na chai mkononi.

Chai ilipokwisha nikainuka na kikombe changu. Sikuwa na nia mbaya, mguu tu uliona beseni.

"Kaa, Mama," akasema. "Wewe ni mgeni."

Neno lile liliniingia hapa, kifuani. Mgeni. Mimi niliyemwogesha. Nikakaa na kikombe changu kitupu na sikuweza kuuficha uso, na Kitinda akaona. Akaja akachuchumaa mbele ya kiti, akanipokea kikombe.

"Unajua kwa nini nilichelewa kukualika?" akasema. "Nilijua ukiingia tu utaanza kufua. Na ukishafua hapa, hapa panakuwa kwako. Nilitaka kwanza pawe kwangu, ndipo nikukaribishe."

"Sasa ni pako?"

Akageuza macho kwenye kuta zake.

"Sasa ni pangu."

"Basi osha vikombe," nikasema, "mgeni anatazama."

Akaviosha. Aliviosha vibaya, akasuuza mara moja tu, na mimi nilikaa kwenye kiti changu kama malkia nikiangalia povu linabaki kwenye mshikio. Nasema kweli mbele ya Mungu kwamba sijawahi kumpenda mtoto yule kama nilivyompenda wakati ule, na povu lake.

Nilipoaga alivaa viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakuja kunisindikiza. Nyumbani kwangu hakuwahi kunisindikiza popote, nani humsindikiza mama yake kutoka jikoni? Tukatoka, akafunga mlango wake wa bluu, tukaenda pole pole huku ananishika mkono. Kwenye kona nikamwambia arudi. Akasema atanifikisha kwenye nguzo ile ya taa. Tulipofika kwenye nguzo nikaona siwezi kumwacha binti arudi peke yake, nikageuka kumrudisha. Tulipofika mlangoni kwake akasema haiwezekani mgeni wake aondoke hivihivi, tukageuka tena.

Fundi baiskeli alikuwa amekaa nje ya duka lake anatutazama tunavyopita na kurudi. Mara hii akauliza kama kuna kitu tumeangusha njiani, aje atusaidie kutafuta.

"Hapana," Kitinda akamwambia. "Namsindikiza mgeni wangu. Ni mama yangu. Hataki kwenda."

Nikamwambia fundi asimsikilize, ni yeye ndiye hataki niende. Tukaelekea kwenye nguzo.